Tabo, intakula, snokeli: hela ianzie wapi kwenye Hilux Vigo ya D4D

Wakuu, nimeona niandike hili kwa mtu mwenye Toyota Hilux Vigo ya dizeli (D4D), zile za 2005 mpaka 2015, iwe ya injini ya 2KD ya cc 2494 au 1KD ya cc 2982, ambaye gari limeanza kukosa pumzi kwenye mlima na kila anayemuuliza anamwambia anunue tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa egzosi kusukuma hewa ndani ya injini. Mara nyingi tabo sio ya kwanza kwenye foleni, na ukikosea mpangilio utanunua mbili ndani ya mwaka mmoja alafu umlaumu muuza duka bure.

Anza na kitu cha bure. Fungua hosi ya mpira inayotoka kwenye eakilina (boksi la filta ya hewa) kwenda kwenye tabo, chukua kitambaa cheupe, ingiza mkono ufute ndani kabisa ya hosi. Kikitoka na oili kidogo sio mbaya, ile ni mvuke wa injini unaorudi kupitia bomba la briza. Ila kikitoka na vumbi la rangi ya udongo basi filta yako inapitisha, na vumbi hilo limeshakuwa linasugua feni ya tabo siku zote hizo. Sasa angalia feni yenyewe kwa tochi, kingo za mabawa zinatakiwa ziwe nyembamba na kali, zikiwa zimeviringika au zina mapengo, hiyo imekula vumbi. Alafu shika ncha ya shafti uitikise: kucheza kidogo kulia na kushoto ni kawaida kwa sababu shafti inaelea juu ya oili, ila kwenda mbele na nyuma usisikie kitu kabisa, na mabawa yasiguse ukuta. Dakika kumi tu, na hapo unajua hela yako inaenda wapi.

Namba moja kwenye orodha yangu ni eakilina na mabomba yake, hata kama tabo imeshakufa. Filta ya Toyota yenyewe au ya Denso, chukua bila kufikiria, Sakura na Mann nazo ziko vizuri mradi uwe na uhakika sio feki. Feki utazijua kwenye mpira wa pembeni, ni mgumu, haubonyei, na karatasi zake zinaachana ukizikunja kidogo. Pamoja na filta cheki boksi lake, Vigo nyingi zile klipu za chuma zimelegea au mfuniko umepasuka ukafungwa waya, hapo hata uweke filta ya bei gani vumbi linapita pembeni. Hosi zinazotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini nazo zikague upande wa chini ambako hauonekani, kraki ndogo inafunguka tabo ikianza kusukuma na inafunga ukizima, ndio maana gari likiwa gereji limetulia fundi haoni kitu. Ukisikia "pssss" ukikanyaga mafuta na moshi mweusi unatoka nyuma, shuku hosi kabla ya nozeli (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda). Hosi za silikoni nene zenye klempu za boliti ni hela nzuri sana kutumia hapa, na kwa gari nyingi nguvu inarudi hapohapo.

Namba mbili ndio tabo, lakini ngoja kwanza, kwa sababu hizi injini zina ugonjwa wake na muuza tabo hatakwambia. Washa za shaba (vile vipete vya kuziba) chini ya nozeli zikianza kuvujisha, moto wa kwenye silinda unapanda juu unaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, ile masizi inaenda kukaa kwenye strena (chujio la oili) ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na strena ikiziba wa kwanza kukosa oili ni tabo maana shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kwa hiyo ukifunga tabo mpya bila kushusha sampu na kuangalia strena, bila kubadili zile washa, umeipeleka mpya kwenye kifo kilekile. Naomba hili mlichukulie kwa uzito, nimeona watu wakipoteza hela ya ada ya watoto hapa. Kusafisha sampu na washa ni gharama ndogo ukilinganisha na tabo yenyewe, achilia mbali injini.

Ukishamaliza hapo, tabo za sokoni nazipanga hivi. Bora kabisa ni mpya ya Toyota kwa namba iliyo kwenye kibati cha tabo yako, piga picha kibati uende nacho dukani, usiende na maneno "ya Vigo", kwa sababu 2KD ya kawaida inatumia CT16 isiyo na mabawa ya kujirekebisha na 1KD inatumia CT16V yenye mabawa na mota ya umeme juu yake, na hata 2KD zenye nguvu zaidi zina za mabawa. Bei yake inauma, ndio.

Inayofuata, na ndiyo ninayomshauri mtu wa kawaida, ni katriji nzuri, yaani ule moyo wa katikati wenye shafti na feni zote mbili, unafungwa kwenye nyumba zako za zamani. Kampuni ya Melett ya Uingereza inaheshimika kwa kazi hii. Nunua katriji iliyokuja na karatasi ya kubalansiwa, na nyumba zako ziwe hazijachubuliwa na feni. Kwa CT16V fundi awe anajua kazi, mabawa yasafishwe masizi na ile mota ipimwe kwa mashine, kwa sababu mabawa yakikwama hata katriji ya dhahabu haitasaidia.

Ya tatu ni mtumba, na hapa fungua macho. Mtu akikwambia "hii ya Vigo eksi Japani" muulize vizuri, Hilux haikuuzwa Japani kuanzia 2004 mpaka 2017, Vigo zilikuwa zinatengenezwa Thailand, Afrika Kusini na kwingineko. Kinachotoka Japani ni tabo za Hiace, Prado na Surf, injini ni hizohizo ila flanji, mabomba na uelekeo wa nyumba vinaweza kutofautiana. Inaweza kuwa tabo nzima kabisa, ila iweke pembeni ya yako, linganisha tundu kwa tundu, na lipia baada ya kutikisa shafti.

Ya mwisho ni mpya isiyo na jina kwenye boksi jeupe. Zipo zinazodumu, ila hamna anayeweza kukwambia ipi itadumu, na ikivunjika vipande vinaingia kwenye intakula na kwenye injini. Mimi siifungi kwenye gari la mizigo.

Namba tatu intakula, yaani kipoza hewa kinachokaa kati ya tabo na injini. Kama 2KD yako ni ile ya nguvu ndogo isiyo na tundu kwenye boneti, haina intakula toka kiwandani, na kuongeza ya mbele kunasaidia kweli kwa gari linalopanda Kitonga na mzigo au Mai Mahiu mchana wa jua, hewa inaingia imepoa na moto wa egzosi unashuka. Ila usitegemee gari ligeuke jingine, kompyuta bado inamwaga mafuta kiasi kilekile. Wenye intakula tayari, yenu ni kuisafisha, hasa kama tabo ya zamani ilikuwa inatema oili. Oili iliyolala humo ikinyonywa kwa mkupuo injini inaweza kujiendesha yenyewe kwa oili hiyo, unazima ufunguo haisikii, inapanda resi mpaka inavunjika.

Namba nne snokeli, lile bomba la kuvuta hewa linalopanda mpaka usawa wa paa, na hii ni kwa wa vijijini na migodini zaidi. Faida yake kubwa kwetu ni kuvuta hewa juu ya wingu la vumbi, maji ni ziada tu. Snokeli za kampuni iitwayo Safari, ya Australia, ndio za kuamini, za bei chee plastiki yake inapauka na jua na maungio yake hayazibi. Snokeli isiyoziba ni hasara tupu. Ukiongeza kichwa cha saikloni cha kutupa vumbi pembeni, filta inadumu zaidi, japo kelele inaongezeka.

Za kuacha kabisa: filta ya wazi inayokaa ndani ya boneti kwenye joto, filta ya pamba ya kupaka oili kwa watu wa barabara ya vumbi (oili ikizidi inachafua sensa ya hewa), na tabo kubwa kuliko ya kiwandani bila kurekebisha mafuta. Tabo kubwa inachelewa kuamka, na gari la mzigo linataka nguvu chini kwenye resi ndogo, sio juu. Na wenye Hilux za zamani za 5L mnaouliza kufunga tabo, msifanye, ile injini imeundwa bila tabo na kompresheni yake iko juu, utaishia kununua silinda hedi.

Siku ya kufunga usiondoke gereji. Hakikisha bomba la kupeleka oili kwenye tabo ni jipya au limesafishwa mpaka hewa inapita, fundi asipake silikoni kwenye flanji ya oili maana vipande vyake vinaziba tundu, amimine oili safi kwenye tabo kwa mkono na kupiga starta bila injini kuwaka mpaka presha ipande, ndipo iwake na iachwe sailensa bila kukanyagwa. Oili na filta vyote vipya, alafu vimwagwe tena ukifika kilomita 1,000. Na tabo ya zamani ondoka nayo nyumbani, usimwachie fundi, nyumba zake zikiwa nzima ndizo utakazofungia katriji siku nyingine.