Meza yenye umbo la nguzo ya Soko la Kariakoo: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mgeni anayeiona. Meza hii ya sebuleni imenigharimu zaidi ya mara mbili ya hela ambayo ningelipa kwa maseremala wa Keko, hapa Dar, kwa meza ya mninga yenye nakshi na kioo juu. Kwa hela hiyo nimepata meza isiyo na miguu minne, isiyo na droo, isiyochongwa hata ua moja. Sijutii. Ila kuna mambo mawili nisingeyakubali tena, na nitayasema.

Karakana ni ya vijana wachache hapa Dar. Mmoja kasomea usanifu majengo, wengine ni maseremala. Wanachukua sehemu ya jengo, nguzo, ngazi au tao, wanaivua kila kitu mpaka libaki umbo tupu, halafu wanaitengenezea samani. Mimi nilitaka nguzo za Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970. Aliyewahi kununua hata fungu la nyanya mle ndani kabla ya moto wa Julai 2021 atakuwa anazikumbuka: nguzo inapanda nyembamba, ikifika juu inafunguka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Miavuli hiyo ya zege ndiyo paa. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika humo yanashuka chini mpaka kwenye tangi la ardhini. Nguzo, paa na mfereji wa maji ni kitu kimoja. Nilipoonyeshwa mchoro wa meza sikubishana, nikalipa kianzio.

Aliyebishana ni fundi. Mchoro ulikuwa na shina jembamba linalogusa sakafu kwa upana uleule, kama lilivyo sokoni. Akaliangalia, akaniambia, "Dada, nguzo ya Kariakoo ina msingi ardhini. Hii yako itasimama juu ya vigae. Mtu akiegemea kiwiko pembeni, meza inamlalia." Msanifu hakupenda, lakini ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Wakakubaliana shina libaki jembamba, ila chini yake iwekwe sahani nzito ya chuma, mraba wa sentimita 45, iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Uso wa juu una sentimita 80. Leo mtoto akiegemea haitikisiki. Mtu mzima akae ukingoni? Hapana, na waliniambia mapema. Kuisogeza wakati wa kudeki kunahitaji watu wawili, na ukisahau kubandika vipande vya zulia chini ya chuma, vigae vitakuonyesha.

Kwangu ufundi wenyewe uko chini ya uso, mahali ambapo wageni hawaangalii. Mwavuli wa meza umetengenezwa kwa mbao nne za mninga zilizolala kimshazari na kukutana kwenye kona. Sanduku la kawaida lenye kuta zilizosimama wima unalikata kona kwa digrii 45 na kazi imeisha. Ukizilaza kuta, pembe ya msumeno inapungua, na kadiri unavyozidi kuzilaza ndivyo inavyozidi kupungua. Ukikosea kidogo tu, kona tatu zinafunga na ya nne inaacha mwanya. Nilikuwepo wakikata vipande vya majaribio vya mbao laini, wanaunganisha, wanatazama mwanga unapita wapi, wanavitupa. Hapo ndipo niliacha kulalamikia bei. Meza yenye nakshi ina pa kuficha kasoro: ukingo, ua, kipande cha kupigiliwa juu. Hii haina.

Sasa lawama. Ya kwanza ni tundu. Kwa mapenzi ya jengo, msanifu aliuchimba uso wa juu ukazama kidogo katikati, akaacha tundu dogo "la mvua". Kwenye picha linapendeza mno. Kwenye matumizi, kikombe kinakaa upande, chungwa linabiringika lenyewe, na chai ikimwagika inashuka ndani ya shina ambako huwezi kuingiza kitambaa. Sebuleni kwangu hakunyeshi! Niliwapigia, wakaja kuuchukua, wakaniletea uso mwingine ulio bapa bila kudai nyongeza. Kwa hilo nawapa maksi zote.

Ya pili ni ufa. Ubao mmoja wa mwavuli walikuwa wameugeuza ili mistari yake mizuri ionekane mtu akiingia mlangoni, kwa hiyo nyuzi zake, yaani ile mistari ya asili ya mti, zinapanda wakati za wenzake zinazunguka. Mbao hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu. Mninga una sifa ya kutulia, lakini kati ya unyevu wa Dar na kiyoyozi cha sebuleni ubao ule ulivuta upande wake, na kona moja ikaachia ufa mwembamba kama uzi. Wameujaza kwa gundi na vumbi la mninga, wakapiga msasa. Ukijua pa kutazama unauona.

Wanaodhani samani ya namna hii ni kupunguza tu wamtazame Gerrit Rietveld, Mholanzi aliyejifunza useremala kwenye karakana ya baba yake kabla ya kujenga nyumba ya Schröder, Utrecht, mwaka 1924. Kiti chake cha Zig-Zag ni mbao nne tu, hakina hata mguu, lakini kwenye kona zinazobeba uzito kuna vipande vya pembetatu vinavyozishika. Sahani yangu ya chuma ni ya ukoo huohuo, na naipenda kuliko tundu.

Ukitaka kuagiza kazi kama hii, omba uone kipande cha majaribio cha kona kabla mbao zako hazijakatwa. Uliza nyuzi za kila ubao zinaelekea wapi. Dai pia mchoro wa meza iliyokatwa katikati, maana uso wangu uliozama ulionekana bapa kabisa kwenye mchoro wa mbele. Na kama nyumbani kuna mtoto anayejifunza kutembea, waambie wavunje makali ya pembe za juu. Zangu ziko usawa wa paji la uso la mtoto wa mwaka mmoja, na mpaka nitakapowaita tena nimezifunga sponji kwa gundi ya karatasi, jambo ambalo msanifu bado hajaliona.