Kitabu cha kodi kinachoifaa kazi yako: tulivyovipima vya Uganda

Chukua kitabu chochote cha kodi kinachouzwa Kampala, kiwe kinene cha wanafunzi wa uhasibu au kijitabu chembamba cha wafanyabiashara wadogo, ufungue moja kwa moja ukurasa wa kodi ya makadirio, yaani ile ya biashara ndogo inayokadiriwa kwa mauzo badala ya faida. Utakuta jedwali la mauzo ya mwaka. Yasiyozidi milioni 10 hayatozwi kitu. Kwa asiyeweka kumbukumbu, milioni 10 hadi 30 ni shilingi 80,000. Hadi 50 ni 200,000. Hadi 80 ni 400,000. Hadi 150 ni 900,000. Sasa tafuta maneno yanayosema nani haruhusiwi kulitumia jedwali hilo. Sheria inawatoa madaktari, wasanifu majengo, wahandisi, wahasibu, mawakili na wengine wanaouza huduma za kitaaluma, pia wakandarasi wa ujenzi na watumbuizaji. Ikiwa wewe ni mmoja wao na kitabu kiko kimya, kirudishe rafuni hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Ukimya huo ni ghali. Wakili aliyepokea ada za milioni 60 kwa mwaka akifuata jedwali atalipa 400,000 na kulala usingizi. Hesabu yake halali ni ya faida. Akiwa na matumizi yanayokubalika ya milioni 25, faida ni milioni 35. Kodi ya mtu binafsi inaanza baada ya 2,820,000 na kupanda kwa ngazi. Kwa faida inayozidi 4,920,000 ni shilingi 300,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi hapo. Inatoka 9,324,000. URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, wakigundua baadaye, wanadai tofauti pamoja na riba ya asilimia 2 kwa kila mwezi. Ndiyo maana kichwa kama “Kodi kwa biashara ndogo” hakimfai mtaalamu aliyejiajiri, hata ofisi yake iwe chumba kimoja.

Jambo la pili ni umri wa kitabu. Usidanganywe na jalada jipya, tazama ndani. Kiwango kisichotozwa PAYE, kodi ambayo mwajiri hukata kwenye mshahara, ni 235,000 kwa mwezi; ukiona 130,000, hicho ni cha kabla ya Julai 2012. Jedwali la makadirio linalotenganisha Kampala, manispaa na miji midogo ni la kabla ya Julai 2020. Kodi ya pango ya mtu binafsi inayoruhusu kupunguza gharama imepitwa tangu Julai 2022. Na kitabu kisichotaja kabisa EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2021, kitakuingiza hasarani, maana gharama uliyomlipa muuzaji anayetakiwa kutumia EFRIS haikubaliki katika hesabu zako bila risiti ya mfumo huo. Risiti ya kuandikwa kwa mkono kutoka duka kubwa la vifaa ni karatasi tu.

Kuna alama nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Kodi ya Mapato iliitwa Sura ya 340 kwa miaka mingi. Toleo lililorekebishwa la sheria za Uganda lilipoanza kutumika Julai 2024, ikawa Sura ya 338, ile ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ikahama kutoka 349 hadi 344, na namba za vifungu zikabadilika. Kitabu chenye namba za zamani huenda viwango vyake bado ni sahihi, na kwa mwalimu au muuguzi hilo halina uzito. Kwa wakili au mhasibu anayeandika pingamizi lina uzito mkubwa, kwa sababu atanukuu kifungu ambacho leo kinazungumzia jambo lingine.

Vyenyewe vinapatikana kwa aina nne hivi. Miongozo ya URA ni ya bure, iko kwenye tovuti yao na kwenye ofisi zao, na mingi imegawanywa kwa sekta. Kwa hatua za kujaza ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi, mtandaoni hakuna inayoishinda. Udhaifu wake ni kwamba imeandikwa na mkusanyaji. Itakueleza vizuri namna ya kulipa, lakini haikai sana kwenye njia ya kubisha: siku 45 za kupinga kodi waliyokukadiria tangu upokee notisi, siku 90 ambazo kamishna anazo kujibu, na siku 30 za kwenda mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi. Kitabu cha kununua kinastahili bei yake kikiwa na sura nzima juu ya hayo.

Vitabu vya mitihani ya CPA, ile ya wahasibu, vina kina kuliko vyote na mifano yake imepigwa hesabu hadi mwisho. Ila maswali yake hupenda kampuni za kubuni zenye matawi na mikopo ya nje, na viwango vimegandishwa kwenye mwaka wa toleo. Tungempa mhasibu, tusingempa daktari wa meno. Muhtasari ambao makampuni makubwa ya ukaguzi, kama PwC na KPMG, hutoa kila baada ya bajeti ni wa bure pia. Unaeleza kilichobadilika tu, kwa hiyo hautoshi peke yake. Uchapishe, uuchomeke ndani ya kitabu ulicho nacho. Vijitabu vya mitaani tumeshavisema.

Kwa wahudumu wa afya, mwongozo mzuri unajulikana kwa swali moja: unasemaje juu ya ajira mbili? Daktari analipwa milioni 3 hospitali ya serikali na milioni 1.5 kliniki ya jioni. Kila mwajiri akikata PAYE kana kwamba ndiye pekee, wa kwanza atakata 802,000, wa pili 352,000, jumla 1,154,000. Lakini kodi ya milioni 4.5 zikihesabiwa pamoja ni 1,252,000. Pengo la 98,000 kila mwezi linakuwa 1,176,000 kwa mwaka, na linadaiwa kwa daktari mwenyewe, aliyedhani kwamba kukatwa mara mbili kumemaliza kila kitu. Mwenye mwajiri mmoja tu anaweza kutulia bila ritani. Mwenye wawili anatakiwa kuijaza kufikia tarehe 31 Desemba, kwa kuwa mwaka wa mapato unafungwa 30 Juni. Kitabu kieleze pia kwamba huduma za tiba zimesamehewa VAT: daktari haitozi kwa mgonjwa, na ile anayolipa kwenye vifaa hawezi kuidai.

Mawakili na wahandisi wanahitaji kitabu chenye kurasa za kutosha juu ya kodi ya zuio. Mteja anayekulipa ada ya kitaaluma hukata asilimia 6. Kwenye milioni 5 ni 300,000. Hizo ni kodi yako uliyokwisha kulipa, mradi umepata cheti cha zuio na kukiingiza kwenye ritani. Vitabu vingi vinataja asilimia tu na kunyamaza juu ya cheti, na hapo ndipo fedha hupotea. Kitabu cha wakili kitenganishe pia fedha za mteja zilizopita kwenye akaunti yake na ada yake mwenyewe. Na kieleze ritani za awali: mtu binafsi aliyejiajiri hulipa kwa mafungu manne ndani ya mwaka, hangoji Desemba.

Mwalimu mwenye shule moja asinunue kitabu. Mwongozo wa bure wa PAYE unamtosha kukagua hati yake ya mshahara: kwa milioni 1, kodi ni 25,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 410,000, yaani 202,000. Aliye shule ya binafsi akumbuke kwamba asilimia 5 anayokatwa kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haiondolewi kwanza ndipo kodi ihesabiwe. Vijitabu kadhaa hukosea hapo.

Wenye taksi na malori watafute sura ya kodi ya awali ya magari: 20,000 kwa kila kiti kwa mwaka, hivyo taksi ya abiria 14 ni 280,000, lori ni 50,000 kwa kila tani. Kama kitabu hakisemi kwamba malipo hayo hupunguzwa kwenye kodi ya mwisho, kimeacha nusu ya habari.

Na yeyote mwenye vyumba vya kupangisha, awe muuguzi au mhandisi, anahitaji ukurasa mmoja wa ziada, kwa sababu pango huhesabiwa peke yake, halichanganywi na mshahara wala ada. Ni asilimia 12 ya pango lote linalozidi 2,820,000 kwa mwaka. Vyumba vinne vya 200,000 huingiza 9,600,000. Kodi yake ni 813,600, na bati ulilobadilisha mwezi wa tatu halipunguzi hata shilingi.