Uzoefu wangu Lowell: mama, merikani na chumba kinachotikisika

Mama yangu ni mtu wa Tanga. Alipokuja kunitembelea Boston, mwishoni mwa mwezi wa kumi, nilikuwa nimempangia ya kawaida: bahari, maduka, samaki. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, huku kwenu hakuna kiwanda cha nguo? Ile merikani tuliyokuwa tukidarizi mito, jina lake si la huku?"

Merikani ni kile kitambaa kizito cha pamba cha zamani. Basi kesho yake tukapanda treni North Station kwenda Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo. Safari haifiki saa moja. Ukishuka unatembea kidogo hadi kituo cha wageni, Market Street, unapewa ramani. Wahudumu ni askari wa hifadhi, wale wa kofia pana, kwa sababu katikati ya mji huu ni hifadhi ya taifa tangu 1978. Mama aliziangalia zile kofia, akauliza simba wako wapi.

Ushauri wangu wa kwanza: msianze na maonyesho ya kusoma. Nendeni moja kwa moja Boott Cotton Mills, kiwanda cha matofali mekundu chenye mnara wa saa, kando ya mfereji. Chumba cha kufumia kina mashine zaidi ya 80, na huwa wanawasha chache tu. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Mimi nilivitia mfukoni, nikajiona mjanja.

Ujanja ulidumu kama sekunde tano. Juu ya dari kuna vyuma virefu vinazunguka, mikanda inashuka hadi kwenye kila mashine, na kile kichombo cha mbao kinachobeba uzi kinapigwa upande huu, kinapita katikati ya mtande, yaani nyuzi zilizotandwa, kinapigwa upande ule, haraka kiasi kwamba huoni kitu ila mkwaruzo wa rangi. Sakafu inatetemeka mpaka unaisikia kwenye meno. Na hizo ni mashine chache! Nikavitoa vizibo mfukoni mbiombio. Mama alikuwa amesimama kimya kwenye kamba, anatazama kitambaa kinavyojivingirisha taratibu mno, tofauti kabisa na makelele ya mashine. Tulipotoka nje akasema, "Ndiyo maana mjomba wako akizungumza ni kama anagombana." Marehemu mjomba alifuma miaka mingi kwenye kiwanda kimoja Dar. Mimi siku zote nilidhani ni tabia yake.

Historia yenyewe mtaikuta ghorofani, na imepangwa vizuri. Kwa ufupi: kwenye maporomoko ya Pawtucket, mto Merrimack unaposhuka kama mita 10, Wapennacook, wenyeji wa asili wa hapa, walikuwa wakivua samaki. Waingereza wakaanzisha mji wa Chelmsford mwaka 1655, na upande wake wa mashariki, ndipo ilipo Lowell leo, ukabaki mashamba. Mwaka 1796 ulikamilika mfereji wa kupitishia magogo ili yakwepe maporomoko. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikuwa Uingereza kuanzia 1810 hadi 1812, akazitazama mashine za kufumia, akarudi nazo kichwani, maana michoro yake ilikuwa marufuku kutoka nje ya nchi. Kwa lugha ya shule, alidesa. Alianzia Waltham, karibu na Boston, akafariki 1817, na huu mji wenye jina lake hakuuona. Wenzake ndio walioununua mfereji na mashamba mwaka 1821. Kitambaa cha kwanza kilitoka 1823, na 1836 pakawa jiji kamili.

Sasa merikani. Haikutoka mji mmoja. Ilifumwa katika viwanda vya eneo hili lote la New England, na hata Salem, bandari iliyokuwa ikituma merikebu Unguja, ilikuja kuwa na kiwanda chake. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na 1837 balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem huyohuyo, akashuka Unguja. Majora yalishuka, pembe za ndovu na sandarusi zikapakiwa. Bara kitambaa hicho kilikuwa fedha: hongo, yaani ushuru wa misafara kupita kwenye nchi za machifu, ililipwa kwa doti. Vita vya Wamarekani vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Uingereza na India zikaingia nafasi hiyo, lakini jina likabaki midomoni mwetu.

Na pamba yenyewe ililimwa na nani? Watumwa wa majimbo ya kusini. Nguo nyingine nzito iliyofumwa Lowell ilirudishwa kulekule kuwavisha. Nilipomweleza mama, aliuliza mara moja, "Na pembe zilibebwa na nani hadi pwani?" Tukaangaliana.

Ng'ambo ya uwanja kuna jengo la mabweni ya wasichana wa kiwandani. Hapa mama alikaa kuliko mahali pote. Walikuwa mabinti wa wakulima, wakifanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki, madirisha yamefungwa ili nyuzi zisikauke zikakatika. Walilala wawili kitanda kimoja, chini ya mama msimamizi. Lakini hawakuwa wapole: 1834 waligoma mishahara ilipopunguzwa, 1836 wakagoma tena gharama za bweni zilipopanda. Baada yao walikuja Waairishi, Wakanada wa Kifaransa, Wagiriki, na viwanda vilipokwisha kufa, Wakambodia. Tulikula kwa hao wa mwisho, wali na samaki, na mama akaridhika kuwa pilipili ipo.

Kosa langu mimi: sikuangalia kalenda. Mashua za mferejini zilikuwa zimeshamaliza msimu, kwa hiyo sikuliona lango la Francis (huyu ni mhandisi James Francis, si yule Lowell), lango la kuzibia mfereji, ambalo watu walilicheka lilipojengwa 1850, halafu 1852 likateremshwa na kuuokoa mji na mafuriko. Nitarudi kiangazi kwa ajili hiyo tu. Vaeni viatu vya kutembea, na mtengee siku nzima.

Dukani wanauza taulo za jikoni zilizofumwa humohumo. Mama alichukua moja, akaisugua kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga. "Nyepesi," akasema. "Merikani ilikuwa inasimama yenyewe." Hata hivyo alinunua mbili, na usiku nilimkuta mezani, miwani puani, anachora maua pembeni kwa penseli.