"5V ni 5V, dada": duka la Kariakoo lililoniuzia adapta ya uongo

Naandika hasira zikiwa bado za moto. Nikisubiri zipoe nitaishia kusema "basi, yameisha", na hayajaisha.

Nilikuwa natengeneza kabati dogo la gemu, lile la kukaa juu ya meza, mfano wa mashine kubwa za zamani za kutumbukiza sarafu. Kioo mbele, joistiki, batani za rangi, na ndani kikompyuta cha Raspberry Pi 4. Watoto wa dada yangu huja kwangu kila sikukuu, na safari hii niliwaahidi kwamba Idi watakuta kitu ambacho hakipo kwenye nyumba nyingine yoyote mtaani. RetroPie, programu ya kuendeshea gemu, ni ya bure, unaipakua na kuiandika kwenye kadi ya memori, mambo yanakwenda. Mbao nilikatiwa Keko na fundi seremala ambaye kabla hajagusa msumeno alitaka nimwonyeshe batani moja aipime kwa mkono wake. Akatoboa matundu ya milimita 30, kila batani ikaingia kwa kusukumwa kidogo na kidole ikakaa. Kingo akazipiga msasa bila kuambiwa, "watoto hao, dada, wataegemea hapa". Huyo nyota tano, sina swali.

Hiyo Raspberry Pi, bodi yenyewe, nayo nyota tano. Za kwanza zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa nia ya kuwafanya watoto washike kompyuta, waipangue na kuipanga, na hiyo nia unaiona ukiigeuza mkononi: hakuna kilichofichwa, pini zote 40 ziko wazi zinakusubiri. Ila haivumilii umeme dhaifu. Hilo kila anayeitumia analijua, na ndilo nililokwenda nalo dukani mdomoni.

Adapta ya Pi 4 inatakiwa iwe ya volti 5.1, yaani msukumo wa umeme, na ampia 3, yaani wingi wa umeme inaoweza kutoa. Ile 0.1 ya ziada juu ya volti 5 si pambo. Umeme hupungua ukipita kwenye waya, kwa hiyo waliotengeneza adapta rasmi wameongeza kidogo mwanzoni, wakaweka na waya mnene, ili kinachofika kwenye bodi kibaki kizima. Bodi inajipima yenyewe. Volti zikishuka chini ya 4.63 hivi inaweka alama ya radi kwenye kona ya kioo, na prosesa inapunguza mwendo ili isizimike. Nayaeleza haya kwa sababu nataka msomaji aone kwamba nilichoomba dukani hakikuwa maringo.

Duka silitaji. Liko Kariakoo, ghorofani, ngazi nyembamba, ukuta mzima vifuko vya plastiki vyenye vidude. Batani walikuwa nazo, joistiki walikuwa nayo, na ile bodi ndogo ya kuunganisha batani na kompyuta kwa USB wakanitolea ikiwa na nyaya zake zote. Niliposema Raspberry Pi kijana wa kaunta hakunikodolea macho, alijua. Nilifurahi. Nikamwambia, kaka, nipe na adapta ya Pi 4, iwe ya ampia 3 za kweli. Nilitamka hivyo hivyo, "za kweli". Akamwangalia bosi wake, bosi akaingiza mkono chini ya meza akatoa adapta nyeusi, imeandikwa 5V 3A, haina jina la kampuni popote. Nikaipima mkononi, nikauliza, mbona nyepesi hivi? Bosi akasema, "Dada, wanafunzi wa vyuo wote wanachukua hizi hizi. Hujasikia mtu kulalamika." Shilingi 25,000. Nikalipa, nikapewa risiti.

Usiku wa kuamkia Idi kabati lilikuwa limefungwa, limepakwa rangi, limewekwa stika. Nikawasha. Menyu ikatokea, nikapiga kelele peke yangu sebuleni. Halafu ikatokea radi pale konani. Ikapotea. Nikafungua Pac-Man, radi ikarudi ikakaa. Pac-Man ni gemu ya mwaka 1980, kwa bodi ya siku hizi ni kazi ndogo mno, haiwezi kuitoa jasho. Lakini ilikuwa inakwama, sauti inakatika vipande vipande, yule wa njano anatembea, anasimama, anatembea. Nikaandika amri ya kuiuliza bodi hali yake, vcgencmd get_throttled, ikanijibu 0x50005. Maana yake: umeme uko chini sasa hivi, mwendo umepunguzwa sasa hivi, na yote mawili yameshatokea tangu nilipowashwa. Bodi ilikuwa inalalamika kwa maneno yote iliyo nayo. Maduka yamefungwa, kesho ni Idi.

Sitaki kuieleza sana siku ya Idi. Watoto walikuja na nguo zao mpya, na wa jirani wakaja, wakapanga foleni wenyewe bila mtu mzima kuwaambia. Mashine ikacheza kidogo, ikazima. Ikawaka, ikazima. Mara ya mwisho haikurudi kabisa, ikabaki kutema maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Kadi ya memori ilikuwa imevurugika, maana kompyuta ikikatikiwa umeme inapokuwa katikati ya kuandika, mafaili huharibika. Yule mdogo wao, ambaye zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika na bado ameshika joistiki, akanigeukia: "Mama mdogo, zamu yangu imeisha?"

Nilirudi dukani mara tu walipofungua baada ya sikukuu. Sikwenda kugombana. Nilibeba adapta, risiti, na picha ya kioo kikiwa na ile radi. Nikamsalimia bosi vizuri, nikamweleza kwa utulivu kwamba adapta haitoi ampia 3, naomba nibadilishiwe au nirudishiwe hela yangu.

Hata picha hakuitazama. Kwanza akasema umeme wa mtaani kwetu ndio mbovu. Nikamwambia, kaka, adapta yako mwenyewe imeandikwa inapokea volti 100 hadi 240, na saa ile ile friji na televisheni vilikuwa vinafanya kazi vizuri. Akasema basi bodi yangu ndiyo feki. Nikamwambia ndiyo bodi iliyotuonya sote wawili. Hapo akaichukua adapta, akaichomeka ukutani, akachomeka simu yake, akaniinulia ile simu usoni: "Si hii inachaji? Haya. 5V ni 5V, dada."

Hapa nisimame, kwa sababu najua wengi wataonyeshwa hiyo simu na watarudi nyumbani wakidhani wameshindwa hoja. Simu kuchaji hakuthibitishi kitu. Simu ina betri, ikipewa umeme kidogo inapokea kidogo, inachaji polepole, na mwenye simu hatajua. Raspberry Pi haina betri ya kuegemea. Inataka inachokitaka sekunde ile ile, na kisipofika inazima. Ile "5V" ni ya adapta ikiwa haijabebeshwa mzigo. Swali ni zinabaki ngapi mzigo ukipanda, na hilo ndilo swali nililomuuliza mara ya kwanza kabisa nilipoingia dukani kwake.

Nilimweleza haya. Wateja wengine walikuwepo. Akawageukia wao, si mimi, akasema, "Sista kaja kutufundisha umeme." Wengine wakacheka. Halafu akanirudishia adapta yangu juu ya kaunta kwa kuisukuma na kidole, akasema: "Mwambie kaka yako aliyekutuma aje mwenyewe, tutaelewana naye."

Hakuna kaka aliyenituma. Kabati ni langu, nyaya nimelehemu mimi, programu nimeweka mimi, batani zote nimeziunganisha mimi moja baada ya nyingine. Nilimwambia hivyo. Akanionyesha kibao nyuma yake: mali ikishauzwa hairudishwi.

Jioni ile nilipita kwa fundi redio wa Mwananyamala, mzee mmoja anayekaa na mita yake mezani kutwa. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwekea kabati juu ya meza. Nikawasha kwa kadi nyingine, yeye akagusa pini ya pili na ya sita, pale volti 5 zinapopita. Bila gemu, mita ikasoma 4.9. Nikafungua gemu. 4.7. 4.5. Ikagusa 4.4, kioo kikazima. Nikapiga picha. Akaifungua adapta kwa bisibisi, akaukata ule waya akanionyesha nyuzi chache za shaba zilizomo ndani, nyingine yote plastiki. "Hii ni chaja ya simu ya kitochi," akasema, "wameiandika tu 3A." Hakuongeza neno. Akachukua 2,000 yake.

Adapta rasmi niliipata kwa mtu anayeagiza vitu kutoka nje, kwa bei ya juu zaidi ya mara mbili ya ile. Nikaandika kadi upya. Sasa nikiiuliza bodi hali yake inanijibu 0x0, yaani haijaona tatizo lolote tangu iwake. Radi sijaiona tena. Watoto wamecheza Jumamosi nzima kuanzia chai ya asubuhi, na mdogo wao amecheza zamu yake, na ya kaka yake, na nyingine tatu nilizomwongezea mimi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota mbili, nikajiona ninatenda haki. Batani zao ni nzuri, zinabofyeka kwa sauti safi, na mpaka leo hakuna hata moja iliyokwama. Joistiki imara. Ile bodi ya USB ilitambulika palepale. Hapa Dar sijaona duka jingine lenye vitu hivyo vyote sehemu moja, na mtu anayetaka kutengeneza kabati kama langu atawahitaji. Kwa hiyo nilitaka kuandika: nenda kwao ukanunue batani, adapta katafute kwingine. Na kijana wa kaunta ni muungwana, ni haki yake niseme hivyo.

Lakini kuna jambo nilikuwa nimepanga kuliacha, nikimwonea huruma mtu. Siku ile niliporudishwa na adapta yangu, mmoja wao alinifuata mpaka kwenye ngazi. Simsemi ni yupi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, pole. Wanaozirudisha hizo ni wengi. Bosi hataki kusikia." Wakati ule nilimshukuru. Niliona ni utu.

Sasa nimeliandika hilo na ndiyo naliona lilivyo. Wanajua! Wameletewa malalamiko ya hizo adapta, bado wanazitoa chini ya meza, wanamuuzia anayefuata, na akiuliza wanamwambia hujasikia mtu kulalamika. Mwanafunzi wa chuo aliyejinyima chakula anunue bodi, mradi wake ukizima usiku wa kuamkia kuuwasilisha, atalaumu bodi, atalaumu programu aliyoiandika, atajilaumu mwenyewe kwamba hajui. Wengine wataacha kabisa. Na mtu aliyesababisha yote hayo amekaa kwenye kiti chake anawaonyesha simu inayochaji.

Basi nazifuta nyota mbili. Moja, na hiyo ni kwa kuwa siwezi kuweka sifuri. Batani agizeni kwingine hata kama zitachelewa kufika, msipeleke hela yenu pale, hata kwa ajili ya skrubu moja. Kijana wa kaunta anisamehe, hasira yangu haimhusu.

Na wewe bosi, kama utasoma: shilingi 25,000 zangu nazidai. Risiti ninayo, adapta ninayo ikiwa imefunguliwa, picha ya mita ikisoma 4.4 ninayo. Barua ya Tume ya Ushindani, ambao kushughulikia bidhaa bandia ni kazi yao, imebaki kupigwa chapa na kutiwa sahihi. Aliyeuziwa adapta nyeusi isiyo na jina kwenye duka la ghorofani, ngazi nyembamba, aniandikie aje na risiti yake, tuipeleke barua moja yenye majina mengi. Na kwenye orodha hiyo jina la kwanza litakuwa langu, si la kaka yeyote.