OnePlus Pad au iPad ya kizazi cha 10? Chukua rula kwanza

Karibuni tena kwenye chaneli. Mezani leo kuna vishikwambi viwili. Hii ya buluu ni iPad ya kizazi cha 10, iliyotoka Oktoba 2022. Hii ya kijani ni OnePlus Pad, kishikwambi cha kwanza kabisa ambacho OnePlus wamewahi kutengeneza, iliyoingia sokoni mwaka 2023. Tangu video iliyopita mmekuwa mkibishana kwenye maoni: huyu mgeni ana ubavu wa kusimama mbele ya iPad, au atapotea kama wenzake? Leo tunalimaliza.

Mambo ya prosesa nayaruka. Moja ina A14 Bionic, nyingine Dimensity 9000, na zote mbili zitakufungulia kitabu, sinema na madarasa ya mtandaoni bila kukwama. Kamera za nyuma nazo nazipita, hakuna anayenunua kishikwambi kupigia picha za harusi. Kuna kitu kimoja kwenye hii OnePlus ambacho wachambuzi wengi wamekitaja kwa sentensi moja wakaendelea, na mimi naona ndicho kitu kikubwa kuliko vyote. Umbo la kioo.

Nina rula hapa. Sogeza kamera karibu, hapo hapo. Napima sehemu inayowaka tu, fremu siihesabu. OnePlus Pad: upana sentimita 17 na kidogo, urefu 24. Ukigawanya, 24 kwa 17.1, unapata 1.4. Wao wanaita 7 kwa 5. Sasa hii hapa ni karatasi ya A4 ya kawaida, ile ile ya dukani kwa mwenye mashine ya fotokopi: 21 kwa 29.7. Gawanya. Inakuja 1.41. Mmeona? Kioo hiki kina umbo la A4, kasoro milimita mbili.

Tujaribu kwa vitendo. Nafungua mtihani wa nyuma wa kidato cha nne, PDF. Nakishika kishikwambi wima, nagusa katikati ili zile pau za juu na chini zijifiche. Ukurasa umejaa kona hadi kona, hakuna utepe mweusi wala mweupe. Naweka rula juu ya ukurasa: upana 17. Maana yake unasoma A4 ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 81 ya ukubwa wake. Herufi zilizochapwa kwa saizi ya 12 unaziona kama saizi ya 9.7. Hiyo inasomeka bila kukunja uso.

Faili hilo hilo kwenye iPad. Kioo chake ni 15.8 kwa 22.7, na ukurasa nao unajaa vizuri, lazima niwe mkweli, kwa sababu Apple nao hawako mbali na umbo hilo. Ila saizi ya 12 imeshuka hadi 9. Na kwenye vishikwambi virefu vya Android, vile vya 16 kwa 10? Samsung Galaxy Tab S8 ni ya inchi 11, ilitoka ikiwa ghali kuliko hivi vyote viwili, na upana wake wima ni sentimita 14.8 tu. A4 inajibana hadi asilimia 70, herufi zinakuwa 8.5, na chini ya ukurasa unabaki utepe wa karibu sentimita 3 usio na kazi yoyote. Ndiyo maana watu wanalalamika wakisoma PDF kwenye Samsung inabidi wavute kwa vidole, wasogeze kushoto, warudi kulia, kila mstari. Macho yako hayana tatizo, ni umbo la kioo.

Wachambuzi wa Marekani hawalioni hili kwa sababu karatasi yao siyo A4. Yao ni fupi na pana zaidi, haikai sawasawa humu. Lakini sisi Tanzania, Kenya, Uganda, Ulaya, Ghuba, kila kitu ni A4. Mitihani ya NECTA, ya KNEC, tasnifu, mikataba, hotuba za bajeti, yote A4.

Subirini, kuna nyingine tamu zaidi. Nakilaza kishikwambi. Nagawanya kioo mara mbili, kushoto mtihani, kulia daftari la kuandikia. Kila nusu sasa ni 12 kwa 17. Gawanya: tumerudi kwenye 1.4 ile ile! Ni kama ukikunja A4 katikati unapata A5, umbo halibadiliki. Kwa hiyo nusu ya kioo nayo inajaa ukurasa mzima, hakuna nafasi inayopotea. Kwenye 16 kwa 10 ukigawanya unapata vipande vinavyokaribia mraba, ukurasa unaelea katikati. Mwanafunzi anayesoma huku anaandika, mwalimu anayesahihisha akiwa na majibu pembeni, mtafsiri, wakili: hii ni kwa ajili yenu.

Mtaniambia, na sinema je, si zitakuwa na pau nyeusi? Zitakuwepo, kama sentimita 1.8 juu na 1.8 chini. Lakini pima picha yenyewe: 24 kwa 13.5. Kwenye ile Tab S8 picha ni 23.7 kwa 13.3. Hujapoteza kitu chochote kwenye filamu. Umeongezewa nafasi juu na chini ambayo ukisoma unaitumia.

Na mwili haujawa mkubwa sana. Umezidi wa iPad karibu sentimita moja kwa urefu na moja kwa upana, kwa sababu fremu za iPad ni nene. Uzito ndio unausikia: gramu 552 kwa 477. Ukisoma umelala chali, hizo 75 za ziada kiganja kitazijua baada ya nusu saa.

Kabla sijasahau, wiki ijayo naanza mfululizo wa chaja na nyaya, mmeuomba sana, kwa hiyo bonyezeni kengele. Na huu ndio mlango wake, kwa sababu chaji ni eneo la pili ambapo mgeni anampita mwenyeji. Betri ni mAh 9510, na OnePlus wanasema inajaa ndani ya dakika 80 kwa SUPERVOOC, mfumo wao wa chaji ya kasi, ya wati 67. iPad ina betri ndogo zaidi, Wh 28.6 (wati-saa, kipimo cha nishati; ya OnePlus ni kama 37), na chaja ya wati 20 kwenye boksi, lakini itakuchukua zaidi ya saa mbili. Mahali ambapo umeme unarudi saa moja halafu unaondoka tena, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Ila sikilizeni mtego wake. Ile kasi inatoka pale tu chaja na waya vyote viwili ni vya mfumo wa SUPERVOOC. Waya ukipotea ukanunua wowote ule wa mtaani, kishikwambi kinakubali chaji, hakilalamiki, ila kinaingia taratibu, na watu wanadhani betri imekufa. Kabla ya kwenda kwa fundi, badilisha waya. Na kwa pawabanki: ile ya mAh 10,000 inabeba Wh 37 kwenye karatasi, ikishapoteza nishati kwa joto na kwa kubadilisha volti unabaki na kama 24. Hiyo inaipeleka OnePlus hadi karibu theluthi mbili. iPad itapanda hadi zaidi ya asilimia 80.

Sasa kinachonikera, na kinanikera kweli. Hakuna laini! OnePlus Pad haina toleo la kuweka laini ya simu. Kampuni ilikuuzia kifaa cha dola 479 mwaka 2023 na kukwambia tumia hotspoti. Kwa mtu mwenye faiba nyumbani sawa. Kwa mtu wa bando, hili ni pengo, kwa sababu betri ya simu ndiyo inayolipa gharama. Na kuna kosa linalowamaliza watu: kishikwambi kikiona hotspoti mara nyingine kinadhani ni Wi-Fi ya bure. Duka la programu limewekwa lijisasishe kwenye Wi-Fi peke yake, basi linaanza kushusha masasisho yote, bando la wiki linaisha asubuhi moja. Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la hotspoti yako, uiweke ihesabiwe kama mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Halafu zima masasisho ya kujiendesha ndani ya Play Store. Vyote viwili, kimoja hakitoshi.

iPad yenye laini ipo, lakini mwaka 2023 ilianzia dola 599 na hifadhi ni GB 64 tu. GB 64 mwaka 2023, na hakuna sehemu ya kadi ya kumbukumbu! Hapa OnePlus inakupa 128, nayo pia haina kadi, ila angalau unaanza na pa kupumulia. iPad yenye nafasi zaidi, ya GB 256, ilikuwa dola 599 pia bila laini. Kwa hiyo ile bei ya iPad ya dola 449 iliyotangazwa wakati huo kwangu ilikuwa ya kukuvutia mlangoni.

Kalamu. Hapa Apple wamefanya jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. iPad hii ina tundu la USB-C, lakini hadi Novemba 2023 kalamu ya Apple iliyoikubali ilikuwa ile Apple Pencil ya kwanza tu, ambayo inachajiwa kwa tundu la Lightning. Kwa hiyo kati ya kalamu na kishikwambi unahitaji kipande kidogo cha kuunganishia, na ukikidondosha kalamu haichajiki. Isitoshe kioo cha nje na kioo cha picha havijagandishwa pamoja. Angalieni kwa pembeni: ncha ya kalamu iko hapa, wino unaanzia chini kidogo, kuna hewa katikati. Stylo ya OnePlus unaibandika ubavuni tu na inaanza kuchaji. Mwaka 2023 kila kalamu ilikuwa dola 99.

Lakini hiyo hewa katikati ina faida yake. Kioo cha nje kikipasuka, fundi anaweza kubadilisha kioo peke yake akaacha picha ilivyo, na alama ya kidole iko kwenye kitufe cha kuwashia, haiguswi. Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, kioo cha iPad ni kazi waliyoizoea. OnePlus kioo na picha ni kitu kimoja: kupasuka ni kununua vyote, na mwaka 2023 hata kukipata ilikuwa ni kuagiza. Anayempa mtoto wa shule kifaa, afikirie hilo kabla ya kufikiria wati 67. Na nikiwa hapo hapo, OnePlus haina alama ya kidole kabisa, ni uso tu, na programu nyingi za benki haziukubali uso wa aina hiyo. Utaandika namba ya siri kila mara.

Sasa swali lenyewe la nafasi yake. Mwaka 2011 HP walitoa kishikwambi cha TouchPad kushindana na iPad. Ikaanza kuuzwa Julai 1 kwa dola 499. Agosti 18 wakatangaza wanaiua, wakaitupa sokoni kwa dola 99, na hapo ndipo watu wakapanga foleni. Ilikuwa kifaa kizuri, ila programu hazikuwepo. Nilipoanza kuandaa video hii nilikuwa na jibu hilo hilo kwa OnePlus. Nimelegeza. Android ya vishikwambi imebadilika tangu toleo la 12L la mwaka 2022, na Mei 2023 Google walisema programu zao zaidi ya 50 zimeboreshwa kwa vioo vikubwa. Wenyewe walitoa Pixel Tablet mwaka huo kwa dola 499, na wanaotengeneza kishikwambi chao wana sababu ya kuendelea kuzirekebisha. Hilo linamsaidia OnePlus bure.

Na WhatsApp! Hadi Mei 2025 iPad haikuwa na WhatsApp yake, ulikuwa unafungua ya kwenye kivinjari. Kwenye Android unaiunganisha na namba yako ya simuni, inafanya kazi kama kawaida. Kwa mtu ambaye biashara yake yote iko WhatsApp, hoja hii peke yake wakati huo ilitosha kumaliza mjadala.

Upande wa pili, mchoraji asihangaike: Procreate iko iPad tu. Na kwenye miaka ya masasisho, iPad ya mwaka 2017 imepata iPadOS 16. OnePlus hawakuwahi kuwa na kishikwambi kabla ya hiki, hivyo kilipotoka hakukuwa na rekodi ya kuitazama. Anayetaka kifaa cha miaka mitano, hapo mimi nakaa na Apple.

Bei kamili, kwa sababu mtauliza. Kishikwambi, kalamu na kibodi: OnePlus 479 na 99 na 149, jumla 727. iPad 449 na 99 na 249, jumla 797. Hizo zilikuwa bei za Marekani mwaka 2023. Ukiagiza, ongeza usafiri, ushuru, na VAT, asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya, halafu ndiyo ulinganishe na bei ya dukani. Mara nyingi iPad iliyoko tayari Kariakoo inakuwa nafuu kuliko OnePlus iliyoko Dubai.

Msomaji wa PDF mwenye Wi-Fi ya uhakika, chukua ya kijani. Wa bando, wa mtoto, wa kuchora, chukua iPad. Na kama tayari una kishikwambi chochote nyumbani, weka rula kwenye kioo chake, gawanya urefu kwa upana, niandikie namba uliyoipata kwenye maoni pamoja na jina la kifaa. Nitatengeneza orodha, tuione ipi inasoma A4 vizuri kuliko zote.