GPS au INS: rubani wa kivita ategemee ipi?
GPS humwonyesha rubani alipo kwa usahihi wa mita chache, iwe saa ya kwanza ya safari au ya nane. Lakini mawimbi yake hutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu na hufika yakiwa dhaifu mno. Adui mwenye mtambo ardhini anaweza kuyavuruga au, kibaya zaidi, kutuma ya uongo, na rubani akaenda kombo bila kujua.

INS, mfumo wa ndani ya ndege unaokokotoa ilipo kutokana na mwendo wake, haitegemei mawimbi ya nje. Jairoskopu (vifaa vya kupima mzunguko) na vipima mchapuko (vya kupima mabadiliko ya kasi) hupima kila mwendo wa ndege kuanzia mahali ilipoegeshwa. Kosa hujilimbikiza, takriban maili moja ya baharini kwa saa.

Ndege nyingi za kivita hubeba zote mbili. Ningelazimika kuchagua moja vitani, ningechukua INS, na rubani afundishwe ramani vizuri.