Niue au Funafuti?

Vyote ni visiwa vya matumbawe vya Pasifiki, ila Niue imeinuka: mwamba mmoja wa kilomita za mraba 260 hivi, na sehemu yake ya juu inakaribia mita 70. Funafuti, makao makuu ya Tuvalu, ni vipande vyembamba vya ardhi vinavyozunguka ziwa la maji chumvi. Kuna mahali unasimama na bahari iko kulia na kushoto.

Chakula ndicho kinachonivutia zaidi. Funafuti hulima pulaka, jamaa ya magimbi, katika mashimo yaliyochimbwa hadi kwenye maji baridi ya chini; chumvi ikipenya humo, shamba limekwisha. Niue haina mto, lakini magimbi huota katikati ya mawe, na usiku watu huwinda kaa wa nazi, yuleyule anayelindwa kisiwani Chumbe, Zanzibar.

Kwa raha ya jioni, Funafuti: uwanja wa ndege uliojengwa na Wamarekani mwaka 1943 hugeuka kiwanja cha mpira.

Kwa usalama nachagua Niue, japo Januari 2004 mawimbi ya kimbunga Heta yalipanda majabali yakabomoa hospitali ya Alofi, mji mkuu wake. Wananiue wengi, hata hivyo, wanaishi New Zealand.